JINA LAKO LIKIANDIKIWA DENI USILOLICHUKUA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wakaao Mowlem na mitaa ya jirani. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku ile.



Hatutawachosha. Halmashauri ya tawi imetuagiza tuseme juu ya jambo moja tu, nalo ni hili: mfanya kazi afanyeje akikuta jina lake limeandikwa kwamba ana deni lililomshinda kulilipa, hali yeye hakulichukua deni hilo, au alikwisha kulilipa zamani?

Wanachama wameleta jambo hili kwetu zaidi ya mara moja. Wengine huja kwa siri, wakinong'ona kama watu waliofanya wizi. Twataka kusema tangu mwanzo kwamba hapana aibu yo yote. Aibu ni ya yule aliyeandika uongo juu ya mtu, si ya yule aliyeandikwa.

NI OFISI GANI HIZI?

Wengi wetu tumesikia neno CRB. Mtu akisema "nimewekwa CRB" wenzake humtazama kama aliyesema amefungwa. Basi tuyaeleze mambo haya polepole.

Kuna ofisi zinazoweka kumbukumbu za mikopo ya watu, zenye ruhusa ya Benki Kuu ya Kenya. Kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 2008, na ofisi ya kwanza ikapewa ruhusa mwaka 2010. Kanuni zikaandikwa upya mwaka 2013, na tena mwaka 2020. Ofisi zenyewe ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kila moja ina daftari lake mbali, na neno hili mlikumbuke, maana tutalirudia.

Ofisi hizi hazikopeshi wala hazidai. Kazi yao ni kupokea habari kutoka kwa wanaokopesha, kuziweka, na kumpa habari hizo ye yote mwenye haki ya kuuliza. Mabenki huleta habari, vyama vya akiba na mikopo huleta, Halmashauri ya mikopo ya wanafunzi huleta, na kampuni nyingine zinazotoa vitu au huduma kwa malipo ya polepole huleta pia, zikipata ruhusa.

Tena si kweli kwamba kila aliyemo katika daftari ni mtu mbaya. Ukiwa na mkopo benki na walipa vizuri, nawe umo, na habari yako ni njema. Kinachomdhuru mtu ni alama ya kwamba deni limepitisha siku 90 bila kulipwa. Alama hiyo ndiyo inayofunga milango. Benki hukataa. Chama cha akiba husita. Hata mtu akiomba kazi ya serikali huambiwa alete cheti kutoka ofisi hizi kuonyesha kwamba hadaiwi, pamoja na cheti cha polisi na cha kodi. Kwa hiyo deni la uongo laweza kumnyima mtoto wa mfanya kazi mkate wake kabla hajaanza kazi.

Sisi wa reli twaweza kufahamu jambo hili upesi. Behewa likibandikwa karatasi ya Kisumu, hali mzigo ni wa Nanyuki, litavutwa mpaka Kisumu. Dereva hataufungua mzigo kutazama. Stesheni masta hatabishana na karatasi. Kila mtu njiani ataamini yaliyoandikwa, mpaka atokee mtu wa kusema kwa maandishi kwamba karatasi ile si yake. Ofisi za kumbukumbu ni vivyo hivyo. Hazimjui mtu kwa uso wala kwa tabia, zamjua kwa namba ya kitambulisho. Namba yako ikibandikwa juu ya deni la mwingine, wewe ndiwe utakayevutwa.

JAMBO HILI SI GENI KWETU

Wazee watakumbuka yale waliyosimuliwa na baba zao juu ya kipande. Tangu mwaka 1920 hivi mpaka 1947, mwanamume Mwafrika katika nchi hii alilazimishwa kuchukua kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Humo mwajiri aliandika siku mtu alipoanza kazi na siku alipoacha. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu yule alihesabiwa mtoro, wala hakuweza kuandikwa kazi mahali pengine. Kalamu ilikuwa ya mwajiri, na jina lilikuwa la mfanya kazi. Harry Thuku na wenzake walilipinga jambo hilo tangu mwaka 1921.

Hatusemi kwamba daftari la mikopo ni sawa na kipande. Daftari hili lina faida yake, maana mlipaji mwema aweza kuaminiwa bila kuwa na shamba la kuweka rehani. Lakini hali moja inafanana: mtu mwingine anaandika juu yako, wewe hupo. Tofauti ni kwamba leo sheria imekupa nawe kalamu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 champa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari ya uongo imhusuyo. Sheria ya kulinda habari za watu ya mwaka 2019 yasema hivyo pia. Hasara yetu ni kwamba kalamu hiyo twaiacha mezani.

HABARI YA MWENZETU MMOJA

Tutawapa mfano, bila kutaja jina la mwenzetu wala la kampuni.

Mwenzetu mmoja wa karakana, mkaaji wa hapa Mowlem, alikwenda kuomba mkopo benki mwezi wa Desemba, kwa kuwa binti yake alikuwa aingie shule ya sekondari Januari. Karatasi ya mshahara ilikuwa safi. Akaambiwa ana deni la shilingi 14,300 lililokaa zaidi ya mwaka. Akauliza, deni la nani? Akaambiwa ni kampuni moja iuzayo simu kwa malipo ya kila siku.

Yeye simu yake aliinunua kwa fedha taslimu. Hakupata kuingia katika duka la kampuni ile hata siku moja. Hakuletewa barua ya kumwonya, na huku kanuni zasema mdai ampe mtu notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka habari mbaya juu yake. Bila shaka notisi ilipelekwa kwa namba ya simu ya yule mwizi.

Alipopiga simu kwa kampuni, karani alimjibu kwa upole: "Lipa tu, mzee, ukilipa tutakuondoa siku tatu hizi." Sikieni vizuri maneno hayo, maana hapo ndipo wengi wetu huanguka. Mtoto yu nyumbani, sare haijanunuliwa, benki imefunga mlango, na hapa kuna mtu asema kwa shilingi elfu kumi na nne mlango utafunguka. Ndugu na jamaa nao humwambia mtu, dawa ya deni ni kulipa.

Ni kweli, dawa ya deni ni kulipa. Lakini dawa ya deni la uongo si kulipa. Tena twawaomba mfahamu kwa nini. Kwanza, ukilipa umekubali kwamba deni lilikuwa lako, na kesho hutaweza kusema halikuwa lako. Pili, kulipa hakufuti. Habari ya deni lililochelewa huweza kukaa katika daftari miaka mitano tangu siku ya kulipwa, ikisomeka kwamba huyu alishindwa, kisha akalipa. Utakuwa umenunua alama mbaya ya miaka mitano kwa fedha yako mwenyewe. Tatu, aliyetumia jina lako hajakamatwa. Akiona la kwanza limelipwa, atachukua la pili.

Mwenzetu hakulipa. Alikuja kwa katibu wa tawi, tukakaa, tukaandika barua. Tuliitaka kampuni ionyeshe mkataba. Mkataba ulipokuja, tuliona mambo matatu. Sahihi haikuwa yake. Namba ya simu haikuwa yake. Na siku iliyoandikwa kwamba alichukua simu katika duka la Nakuru, yeye alikuwa karakana hapa Nairobi tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi, na kitabu cha zamu kina sahihi yake ya kuingia na ya kutoka. Msimamizi akatoa nakala, akapiga muhuri.

Ofisi ya kwanza ilifuta deni lile kabla ya majuma matatu kwisha. Lakini benki ilipotazama tena, ilitazama daftari la ofisi ya pili, na huko deni lilikuwa bado! Ikabidi kuandika tena. Mkopo ulitoka mwezi wa Machi. Shule ilikuwa imefunguliwa Januari. Kama wenzake wa karakana wasingalichanga, binti angalikaa nyumbani muhula mzima kwa sababu ya simu asiyopata kuiona yeye wala baba yake.

Namba yake ilipatikana wapi? Hatuwezi kujua. Lakini fikirini ni mara ngapi kwa juma twaandika namba ya kitambulisho katika kitabu cha bawabu tukiingia jengo la mjini, ama twaacha nakala ya kitambulisho mahali pa kutafuta kibarua. Namba yetu imezagaa kama tiketi zilizotumika.

TOFAUTISHENI MADENI

Kabla ya kupinga lo lote, mtu ajiulize deni lake ni la namna gani. Tumeona namna nne.

Namna ya kwanza ni deni lisilo lako kabisa, kama la mwenzetu.

Namna ya pili ni deni ulilolilipa, lakini mdai hakupeleka habari kwamba limelipwa, au amekosea kiasi au tarehe. Hapa risiti ndiyo shahidi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Deni nalo ni hivyo, ukitupa risiti limefufuka. Tena jueni kwamba tangu kanuni za 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 halipaswi kupelekwa kuwa habari mbaya. Mtu akiandikwa kwa shilingi 600, apinge.

Namna ya tatu yatuhusu sisi wa mshahara kuliko watu wote. Ni deni linalokatwa katika mshahara. Mfanya kazi hukatwa kila mwezi kwa ajili ya benki au chama cha akiba, na karatasi ya mshahara yaonyesha amekatwa, lakini fedha haifiki kule ilikotakiwa kufika, au yachelewa miezi. Mfanya kazi asiyekuwa na kosa lo lote ndiye anayeandikwa. Jambo hili limewapata wafanya kazi wa idara na kampuni nyingi nchini. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 20, yampasa mwajiri akupe maandishi yaonyeshayo mshahara na kila kilichokatwa. Kifungu cha 19 kinamtaka mwajiri apeleke makato mahali pake, wala makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Kwa hiyo msitupe karatasi za mshahara. Karatasi yenye makato ni ushahidi kwamba wewe umelipa. Na jambo kama hilo si la mtu mmoja kulipigania peke yake. Akiandikwa mmoja, yamkini wameandikwa mia, na hapo chama kiingie.

Namna ya nne ni deni lililo lako kweli nawe hukulipa. Ndugu zetu, hapo hatuna barua ya kukuandikia. Nenda kwa mdai, mpatane malipo ya polepole, uandikiwe mapatano hayo, na ukimaliza udai habari isahihishwe kwamba umemaliza. Chama hiki hakifundishi watu kukimbia madeni. Tukipinga madeni ya kweli pamoja na ya uongo, hakuna atakayetusikia tunaposema kweli.

HATUA ZA KUFUATA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Hatua ya kwanza, pata ripoti yako. Kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake bure mara moja kwa mwaka, tena anayo haki hiyo akinyimwa mkopo kwa sababu ya habari zilizotoka ofisi hizo. Usiridhike na neno la karani wa benki kwamba "umewekwa". Muulize, na ofisi gani, deni la nani, kiasi gani, tangu lini. Kisha omba ripoti kwa ofisi zote tatu. Msisahau yaliyompata mwenzetu.

Hatua ya pili, tazama namba za simu zilizoandikishwa kwa kitambulisho chako. Piga *106# katika simu yako. Ukiona namba usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni ya simu ukaikane, upewe maandishi. Kama jina lako limetumiwa na mwizi, nenda pia polisi uandikishe habari hiyo na upewe namba ya kitabu. Polisi hawatakufutia deni, lakini namba ile yaonyesha kwamba ulilalamika mapema.

Hatua ya tatu, andika barua. Simu haitoshi. Maneno ya simu hayana muhuri. Barua iende kwa ofisi ya kumbukumbu, na nakala kwa kampuni idaiyo. Ukiipeleka kwa mkono, uwe na nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Ukiipeleka kwa barua pepe kutoka saiba hapa mtaani, uhakikishe imetoka, na uipige chapa pamoja na tarehe yake.

Hatua ya nne, hesabu siku. Ofisi ikipokea barua yako, yatakiwa katika siku tano za kazi iweke alama katika ripoti yako kwamba habari hii inapingwa, na impelekee mdai malalamiko yako. Uchunguzi wote usipokwisha katika siku 21, habari ile ifutwe kama ulivyoomba. Yaweza kurudishwa baadaye, mdai akileta ushahidi wa kweli, kwa hiyo usizitupe karatasi zako hata baada ya kufutiwa. Andikeni siku hizo katika kalenda, maana wengi huandika barua nzuri, kisha wakasahau kuuliza.

Hatua ya tano, ukikataliwa usikate tamaa. Unaweza kutaka maelezo yako mafupi yaambatanishwe na ripoti, ili kila atakayeisoma asome na upande wako. Unaweza kupeleka malalamiko Benki Kuu, ambayo ndiyo inayotoa ruhusa kwa ofisi hizi. Na unaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa kulinda habari za watu, ambaye sheria yamtaka amalize uchunguzi katika siku 90. Kamishna huyu si jina tu. Mwezi wa Septemba 2023 aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya karibu shilingi milioni 3, kwa kutumia majina na namba za watu iliyozipata kwa wengine na kuwasumbua kwa vitisho.

BARUA YENYEWE

Tumeandika mfano wa barua ili kila mtu anakili, ajaze mambo yake. Haihitaji wakili wala Kiingereza kigumu. Ukitaka kuiandika kwa Kiingereza, katibu atakusaidia.

"Kwa Meneja (jina la ofisi ya kumbukumbu). Nakala: Meneja (jina la kampuni inayodai).

Mimi (jina lote), mwenye kitambulisho namba (…), nimeona katika ripoti yangu ya tarehe (…) kwamba kampuni (…) yanidai shilingi (…). Napinga habari hiyo. Sababu zangu ni hizi: (zitaje moja moja, kwa tarehe). Pamoja na barua hii naleta nakala za: (kitambulisho, ripoti, risiti, karatasi ya mshahara, kitabu cha zamu, namba ya polisi).

Naomba mambo manne. Kwanza, mweke alama katika ripoti yangu kwamba habari hii inapingwa. Pili, kampuni ionyeshe mkataba wenye sahihi yangu, namba ya simu iliyotumika, hati ya kupokea kitu au fedha, na notisi iliyonipelekea kabla ya kuniandika. Tatu, habari hii ifutwe isipothibitishwa katika siku 21. Nne, mnijibu kwa maandishi.

Barua hii si ahadi ya kulipa, wala si kukubali deni.

Wako mwaminifu, (sahihi, jina, tarehe)."

Neno lile la mwisho, kwamba barua si kukubali deni, msilisahau. Tena msiandike matusi. Barua ya matusi humfurahisha karani, maana hupata sababu ya kutoijibu.

MAONYO MATATU

La kwanza: jihadharini na watu wasemao, "nipe shilingi elfu tatu nikutoe CRB." Wanakaa mjini karibu na maofisi, wengine hutafuta wateja katika simu. Hakuna mtu wa njiani mwenye ufunguo wa daftari lile. Ukimpa namba ya kitambulisho na nakala zako, umempa tena yule mwizi kazi nyingine. Na cheti cha kutodaiwa, kwa mtu anayekiomba mara ya kwanza, kanuni za 2020 zilisema kitolewe bure.

La pili: msidanganywe na tangazo la zamani. Mwezi wa Oktoba 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza kwamba kuandikwa kwa mikopo isiyofika shilingi milioni 5 kusimamishwe kwa muda. Mwezi wa Novemba 2022 Benki Kuu ikatoa mpango wa kuwapunguzia nusu ya deni wale waliokopa kwa simu katika mabenki, watu zaidi ya milioni 4, na mpango huo ulikoma mwisho wa Mei 2023. Mpaka leo kuna watu wanaofikiri kwamba majina yote yalifutwa siku zile. Hayakufutwa hivyo. Na hata punguzo lilikuwa la wenye deni la kweli. Mtu anayekubali kulipa nusu ya deni la uongo amelipa nusu ya uongo.

La tatu: msingoje mpaka siku ya haja. Yule anayetazama ripoti yake wakati ana shida, hana nguvu ya kupinga, kwa kuwa kila siku ya kungoja yamkata nyama. Atalipa tu. Tunaamini kwamba madeni mengi ya uongo hulipwa hivyo, kimya kimya, na watu walioona siku 21 ni ndefu kuliko shilingi elfu kumi na nne. Lakini anayetazama mwezi wa Juni, haja ikiwa ya Januari, ana miezi sita ya kupigana.

TAWI LITAFANYA NINI

Halmashauri imekubaliana mambo haya. Kila mwezi, jumapili ya baada ya mshahara, katibu na wajumbe wawili watakaa mahali petu pa mkutano kuwasaidia wanachama kusoma ripoti zao na kuandika barua. Leteni kitambulisho, ripoti, na karatasi za mshahara. Hatutabaki na nakala ya kitambulisho cha mtu ye yote. Tutaandika tu tarehe ya barua na tarehe ambayo siku 21 zitatimia, ili tuweze kumkumbusha.

Pili, tutaweka orodha ya malalamiko kwa jina la mdai. Tukiona mdai mmoja anarudia kosa lile lile kwa watu watano au sita, chama kitaandika kwa jina la wote, kwa mdai na kwa Benki Kuu. Karani anayezoea kutupa barua ya mtu mmoja atafikiri mara mbili juu ya barua ya chama.

Tatu, tutawauliza waajiri, kwa heshima lakini kwa maandishi, watuonyeshe kila robo ya mwaka kwamba makato ya mikopo ya wanachama yamefika yalikopelekwa. Hili ni haki yetu, si hisani.

Ndugu zetu, mfanya kazi hana mali nyingi. Ana mikono yake, na ana jina lake. Mikono hulindwa na kofia ya chuma na viatu vya kazi, na chama kilipigania vitu hivyo. Jina nalo ni chombo cha kazi, maana kwalo mtu hukopa karo, hununua kiwanja, na mtoto wake huajiriwa. Basi na tulilinde kwa njia ile ile, kwa maandishi, kwa pamoja, na bila hofu.

Kabla ya kutoka hapa, kila mmoja apige *106# katika simu yake na kutazama. Asiyejua amwulize aliye karibu naye. Atakayekuta namba isiyo yake, abaki nyuma aonane na katibu leo hii.

Umoja ni nguvu.